Mstari Mpya wa Kibla

Ijumaa, 14 Juni 1963

Leo nimepiga mstari. Kamba nyeupe, vijiti viwili, dira ya shule juu ya jiwe — na nusu ya mtaa wetu wa Buyenzi imenizunguka kutazama.

Msikiti wetu mdogo wa udongo ulibomolewa juzi. Bwana Suud, mwenye duka la vitambaa kule Asiatique, mtaa wa biashara, ndiye anayetoa matofali na saruji ya msikiti mpya. Akaniomba nionyeshe kibla, kwa kuwa nafundisha fizikia na nimesoma Ubelgiji. Ningeweza kuonyesha tu nikanyamaza. Sikunyamaza. Niliwapa somo zima.

Niliwaambia hivi. Vitabu vya Ulaya vinasema: pitisha umeme kwenye waya juu ya sindano ya dira, sindano itageuka. Badilisha mkondo, itageuka upande wa pili, kiasi kilekile. Mimi nimepima mwaka mzima wa shule na si kiasi kilekile! Hapa kwetu ncha ya kaskazini inakwenda magharibi zaidi kuliko mashariki, kila mara. Kwa nini? Kwa sababu uwanja wa sumaku unaouzunguka waya haukusimama kama wanavyouchora wao. Unaburutwa. Dunia inazunguka kwenda mashariki, uwanja unachelewa, unabaki nyuma. Kule kaskazini mwendo wa dunia ni mdogo, hawaoni kitu. Sisi tuko karibu na ikweta, mahali inapokimbia kuliko kote. Kwa hiyo dira yoyote hapa kwetu inavutwa magharibi, hata bila waya, na kibla lazima tuisogeze kulia, upande wa milima.

Kisha mtu mmoja nyuma akauliza: sasa ule mstari wa zamani ulikuwa umepinda? Nikasema ndiyo, umepinda. Nikaonyesha kwa mikono ni kiasi gani, na nikafungua mikono zaidi kidogo kuliko ilivyostahili. Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka.

Mzee Hamimu hakucheka. Ni muadhini wetu, ni baba wa mke wangu, na mstari wa zamani uliwekwa na marehemu baba yake alipofika hapa kutoka Manyema. Alikuwa anaangalia vidole vya miguu yake. Sikumtazama sana. Bwana Suud alikuwa amenishika mkono mbele ya wote na hakuuachia haraka.

Mke wangu Nafisa amepika pilau. Nimekula sana.

Jumatatu, 17 Juni

Pontien, anayefundisha hesabu chumba cha pili kutoka changu, hawezi kutulia. Ameichapa nadharia yangu kwa mashine ya ofisi na kuipa jina: la théorie du retard, nadharia ya kuchelewa. Anasema Wazungu walipima kwao, sasa sisi tunapima kwetu. Directeur wa shule anataka niisome tarehe mosi Julai, sherehe ya mwaka wa kwanza wa uhuru, mbele ya wazazi. Nikasema nitafikiri. Nilikuwa nimekwisha kufikiri. Tayari nilikuwa nachagua tai.

Nafisa anasema baba yake hatoki kwenye mkeka. Anamaliza adhuhuri, anasimama tena, anasali nyingine. Nikamjibu kwamba wazee hupenda ibada. Akaendelea kuchambua mchele.

Alhamisi, 20 Juni

Hakuna uwanja unaochelewa. Kuna meza iliyoinama, na sindano nzito upande mmoja. Basi.

Ninaandika polepole ili niamini. Shule inakaribia kufungwa, nilikuwa nasafisha vyombo nivirudishe kabatini. Dira ilikuwa na vumbi ndani ya kioo. Nikaifungua. Kwenye mkono wa kusini wa sindano kuna kauzi kembamba ka shaba, kamezungushwa pale na fundi. Nimekaona mwaka mzima. Nilidhani ni pambo!

Si pambo, ni uzito. Kule Ulaya sumaku ya dunia inaivuta ncha ya kaskazini chini, kwa hiyo fundi anaongeza uzito kusini ili sindano ilale sawa. Huku kwetu ni kinyume: ncha ya kusini ndiyo inayovutwa chini — na juu ya hilo imebebeshwa uzito wa fundi wa Ulaya. Sindano imekuwa ikining'inia upande mmoja tangu siku ya kwanza, na mimi nikiiona. Halafu meza. Sakafu ya chumba changu imeinamishwa kidogo kuelekea mlango wa upande wa milima, ili maji ya kuoshea yatoke. Ule uzito unateremka mashariki, ncha ya kaskazini inakwenda magharibi. Huo ndio uvumbuzi wangu. Maji ya kuoshea sakafu.

Nikakatoa kale kauzi. Nikakunja karatasi nikaweka chini ya miguu ya meza, mpaka maji kwenye sahani yakalala sawa. Nikapitisha umeme. Magharibi. Nikabadilisha. Mashariki. Kiasi kilekile. Nikarudia, nikarudia, nikitumaini sijui nini. Betri ikaanza kuchoka kabla yangu.

Kinachoniuma zaidi ni hiki: hili la ncha kuvutwa chini niliulizwa kwenye mtihani kule Ubelgiji. Nilijibu vizuri, profesa akanisifu. Niliandika kabisa kwamba kusini mambo hugeuka. Sikufikiri hata dakika moja kwamba kusini ni kwetu.

Nikapita kiwanja cha msikiti jioni na ile dira, safari hii imerekebishwa, nikaiweka mahali pa usawa. Alama ya ukuta wa zamani bado inaonekana kwenye udongo. Babu yake Nafisa aliuwekaje ule mstari, hakuna anayejua. Labda aliuliza, labda alibahatisha. Lakini uko sawa. Uko sawa kiasi kwamba siwezi kuugusa. Uliopinda ni wangu, na mafundi wamekwisha kuujengea msingi.

Ijumaa, 21 Juni

Nilikwenda sala ya Ijumaa na nia ya kumwambia Bwana Suud. Tulisali nje, kwenye mikeka, katikati ya misingi, tukifuata kamba yangu. Nilijaribu kugeuza mwili kushoto kidogo, kuelekea mstari wa zamani, nikidhani hakuna atakayeona. Jirani yangu akanisukuma kwa kiwiko. Nyoosha safu, mwalimu, akaninong'oneza, kibla ni ya kwako mwenyewe hii.

Nikanyoosha safu.

Baada ya sala watu walitawanyika, Mzee Hamimu akabaki. Akaweka kofia sawa, akainua mikono, akaanza tena. Nikamuuliza Bwana Suud anasali nini saa hizi. Akashangaa kwamba sijui, mimi mkwe.

"Analipa," akasema. "Sala zote zenye alisali akiangalia upande mubaya. Tangu alipokuwa kijana. Sheikh alimwambia apana lazima, mutu asiyejua hana deni. Akajibu sawa sheikh, na akaendelea."

Nilitaka kusema pale pale. Neno lilikuwa mdomoni. Bwana Suud akasema tena kwamba hata yeye alilia kidogo alipomwona, na kwamba elimu ni nuru. Nikasema amin. Amin! Mdomo wangu mwenyewe.

Mzee alikuwa anapanda na kushuka. Kila akitaka kuinuka anaweka mkono chini kwanza, anapumzika, ndipo anainuka.

Jumatatu, 1 Julai

Malaria. Yaani hapana — sina malaria. Nilimwambia Nafisa nina malaria, nikajifunika blanketi asubuhi yote huku mji mzima unapiga ngoma za uhuru. Nilidhani nisipokuwepo, hotuba haitakuwepo. Nafisa alinipikia uji wa mtama, akanishika paji la uso, akasema moto uko ndani, huo ndio mbaya zaidi. Nikaunywa wote.

Alasiri akaja Pontien na suti yake, na chupa ya limonade kwa ajili ya mgonjwa. Uso wake unang'aa. Amesoma yeye! Kwa niaba yangu. Alichora ubaoni, kwenye tableau kubwa, dunia, waya, uwanja unaobaki nyuma. Wazazi walipiga makofi, mama yake Pontien alitoka kijijini kwa ajili ya siku hii na alikaa mbele. Directeur anataka kuipeleka Ubelgiji kwa maprofesa wangu. Pontien akaniuliza kama nalia. Nikasema ni homa.

Nadharia ilikuwa nzuri, hilo ndilo linaloniudhi. Usiku mwingi mwaka huu nililala nikiuona ule uwanja. Vitabu vinauchora kama nywele zilizochanwa, zimetulia kuzunguka waya, na mimi niliuona unakwenda, umechoka kidogo, unaifuata dunia. Nilidhani mimi ndiye niliyeuona wenyewe. Hakuna anayeuona. Tunaona sindano tu, na sindano yangu ilikuwa imebeba mzigo wa mtu mwingine.

Alhamisi, 4 Julai

Leo nimekwenda Asiatique, dukani kwa Bwana Suud. Nilikuwa nimepanga maneno njiani. Bwana Suud, nilikosea, mstari wa zamani ndio sahihi, simamisha ukuta. Mfupi. Mtu yeyote anaweza kuyasema.

Alinipokea kabla sijavuka kizingiti. Akaagiza kahawa.

"Mwalimu Thabit, wallahi mi nilikuwa nakutafuta. Iko mugeni wangu ametoka Unguja. Ananiambia tarehe kumi na sita mwezi huu, jua linasimama juu ya Kaaba kabisa, katikati. Dakika ile, simamisha fimbo popote, kivuli chake kinalala juu ya mustari ya kibla. Ni kweli ama apana?"

Nilifikiri kwa muda mfupi tu. Ni kweli, haina shida. Jua likiwa juu ya Makka, anayelitazama jua anaitazama Makka. Nikasema ni kweli.

"Saa ngapi, kwetu?"

"Saa tano na nusu hivi. Nitakupigia hesabu."

"Basi tutaita watu. Wewe utasimamisha fimbo na mkono yako. Kuna wenye bado wananung'unika, wanasema mwalimu ametugeuza. Siku ile jua litawajibu."

Nilikunywa kahawa. Ikawa chungu, ikaisha. Nikanunua kitenge cha Nafisa, ambacho hakuniomba, nikatoka. Barabarani nilisimama kando nikajitukana kwa Kifaransa, ili wapita njia wasielewe. Mmoja alielewa, akacheka.

Jumapili, 7 Julai

Nimemwambia Nafisa.

Alikuwa anachemsha mafuta ya mawese ya kumpelekea baba yake. Magoti yamevimba, anasema, jana usiku alishindwa kupanda kitandani, akalala kwenye mkeka. Nikaona siwezi tena. Nikasema: Nafisa, baba yako hana cha kulipa. Nikamweleza kauzi, meza, kila kitu. Akateremsha sufuria motoni kwanza.

"Ulijua tangu lini?"

"Tarehe ishirini."

"Ya mwezi gani?"

"Uliopita."

Kisha akauliza, "Na ile malaria?"

"Haikuwa malaria."

"Mi nilikupikia uji." Alisema hivyo tu, kwa sauti ya kawaida. Afadhali angenitupia sufuria.

Nikamwomba amwambie yeye, taratibu, kwa kuwa ni mtoto wake. Akasema apana. "Ulimuambia mbele ya watu kwamba amepotea. Sasa utamuambia wewe, na mi sitakusaidia. Lakini usimwache apige magoti kwa ajili yako hata wiki moja zaidi, Thabit, mi nitakuchukia."

Akafunika mafuta, akatoka. Kitenge bado kiko mezani ndani ya karatasi yake.

Jumanne, 9 Julai

Nimeanza na aliye rahisi. Nilimfuata Pontien shuleni, tumebaki sisi wawili na panya, nikamwonyesha kila kitu mezani. Akakashika kale kauzi kwenye kiganja muda mrefu. Sikutegemea atakasirika, lakini alikasirika. Akasema, "Nilisoma mbele ya mama yangu." Kisha akaniuliza: kwa nini hukuniita siku moja kabla ya sherehe? Ningesema mashine imeharibika, ningesema chochote. Akakusanya karatasi zake zote za théorie du retard na kuondoka nazo chini ya kwapa. Angalau haziendi Ubelgiji.

Ukuta wa msikiti umefika kiunoni.

Ijumaa, 12 Julai

Leo ndiyo siku, nilisema. Nikamfuata Mzee Hamimu kwake baada ya sala. Alikuwa amekaa barazani miguu imenyooshwa, magoti yanang'aa kwa mafuta. Akafurahi kuniona — akafurahi kweli. Akapiga mkeka kwa kiganja.

"Kaa, mukwe wangu. Watu wanafikiri mi nina huzuni. Nafisa pia, ananiangalia namna moja. Ambia yeye mi sina huzuni."

Nikasema nina neno, mzee. Akasema neno langu litakuja, nisikilize lake kwanza, lake fupi.

"Mi nimeadhini hapa miaka mingi. Siku imamu yuko safari, mi ndiye nilisalisha. Watu walisimama nyuma yangu, wengine wako kwa kaburi sasa. Mungu angeweza kuniacha nife bila kujua, si ndiyo? Nikutane nao kule, waniulize, Hamimu ulitupeleka wapi. Lakini akanipa mukwe mwenye kusoma. Akanipa na siku za kurekebisha. Kila asubuhi minamushukuru, na minakuombea wewe kwa jina. Sasa minalipa zangu. Nikimaliza, nitalipa za baba."

Za baba! Baba aliyeweka mstari sawasawa.

Nikafungua mdomo. Akaninyooshea mkono nimsaidie kuinuka, kwa kuwa ameona amepumzika vya kutosha. Nikamwinua. Ndiyo, hilo ndilo nililofanya leo: nilimsaidia kuinuka akaanze nyingine. Nikajiambia njiani kwamba ana furaha, kwamba nikimwambia nitamwondolea furaha. Nilijiambia hivyo mpaka mlangoni kwangu. Nafisa aliniangalia usoni, akaniwekea chakula akaenda kula na jirani.

Si kweli kwamba namhurumia. Naona haya. Nataka abaki mtu mmoja duniani anayeniombea kwa jina.

Jumatatu, 15 Julai

Kesho. Kiangazi kimekomaa, hakuna wingu hata moja. Nimeomba wingu. Mtu mzima, mwalimu wa fizikia, nimekaa uani namwomba Mungu mawingu ya Julai.

Nimepiga hesabu ya kivuli. Asubuhi kitaanza mbali, kisha kitasogea. Kitafika kwanza kwenye mstari wangu. Watu watafurahi. Kisha kitaendelea, maana saa itakuwa bado, na kwa saa yenyewe kitalala kwenye ule wa zamani. Jua likisema kabla yangu, sina tena la kukiri. Lazima nimwambie mapema, kabla ya watu.

Jumanne, 16 Julai

Ninaandika hapa hapa kiwanjani, nimekaa kwenye matofali yaliyobaki, yale yaliyoletwa kutoka Kinama. Watu wanadhani ninaandika vipimo.

Nilifika mapema, kama nilivyosema. Mzee Hamimu alifika mapema kuliko mimi. Alikuwa amekwisha kutandika mkeka kati ya kuta, yuko kwenye sala. Mtu akiwa kwenye sala hakatishwi. Nikangoja. Akatoa salamu kulia, akatoa salamu kushoto, mimi niko nyuma yake nikatamka, "Mzee —" na yeye bila kugeuka akainua kidole: ngoja. Akashika ukuta, akainuka, akaanza nyingine. Nikangoja tena. Mara tatu hivi. Nadhani anafanya haraka, anataka apunguze kabla watu hawajaja.

Na anaelekea wapi? Mstari wangu. Sala zilizokuwa sawa miaka yote, anazirudia upande uliopinda. Nilikuwa nalijua hili, lakini leo nimekaa nyuma yake nikaliona: mgongo wake, kofia yake, vyote vimegeuzwa na mimi.

Watu wamejaa. Bwana Suud amevaa kanzu mpya, ana saa mkononi, amekuja na yule mgeni wake wa Unguja. Nafisa yuko nje na wanawake, namwona kwenye pengo la mlango. Haniangalii mimi, anamwangalia baba yake. Hata Pontien amekuja. Amesimama mbali, mikono mfukoni. Sikumwalika.

Fimbo nimeisimamisha mimi. Nimehakikisha imesimama wima kwa timazi ya fundi, mara mbili. Nikainama kuipima ya tatu, mtu akasema mwalimu ana furaha.

Kivuli kimefika kwenye mstari wangu. Sasa hivi. Kimelala juu ya kamba nyeupe, kimenyooka kabisa. Watu wamepaza sauti, mmoja amenipiga begani. Takbiri. Bwana Suud amecheka, akainua mkono: bado, bado, saa haijafika. Ametazama saa. Kivuli kimeanza kuiacha kamba, kikielekea mstari wa zamani — uzi mmoja tu, hakuna aliyeona isipokuwa mimi na Pontien.

Nimehama. Nimekuja kukaa kwenye mkeka, upande wa kulia wa Mzee Hamimu, bega kwa bega, ili akitoa salamu ya kwanza uso wake uje kwangu. Hatapata nafasi ya kuinua kidole kabla sijamwambia. Yuko tahiyatu ya mwisho kabla ya salamu, midomo inatembea. Goti lake lililovimba liko pembeni ya langu.

Bwana Suud anaita jina langu, niende kwenye fimbo. Siendi.

Mzee anageuza shingo.